Waliosema Theodosia Amejitupa

Mto Kilombero ulikwisha kufurika na kurudi kingoni mara nne tangu Wendelin azikwe, na misimu yote minne mjane wake Theodosia alilima, akapanda, akawinga ndege juu ya dungu, akavuna mpunga wake huko Katindiuka akiwa na gauni lile lile jeusi. Weusi wenyewe ulikuwa umechujuka ukawa rangi ya majivu. Nywele hakusuka, mafuta hakupaka, na visigino vilipasuka hata vikashika tope lisilotoka kwa maji. Yeye aliyekuwa akifua vitambaa vya altare vikameremeta, sasa aliketi benchi la nyuma, na Misa ilipokwisha alikuwa wa kwanza kutoka.

Watu wakasema, "Amejitupa."

Neno hilo lina desturi yake. Hupewa mlevi aliyelala mtaroni, hupewa kijana asiyeoga, na mwanamke ambaye kitenge chake kimechanika naye hashiki sindano. Maana yake ni mtu kuacha kujitunza, na ndani yake mna hukumu iliyokwisha kukatwa, kwamba mwenyewe ndiye aliyetaka. Tena ni neno la mgongoni. Usoni mtu huambiwa "umekonda", huambiwa "pole". Hilo la kujitupa majirani hupeana wao kwa wao kama ugoro.

Theodosia hakutaka. Katika ukoo wa mumewe mjane havui nguo nyeusi kwa mkono wake mwenyewe. Dada wa marehemu ndiye humwosha, humpaka mafuta na kumvika kitenge kipya, na mpaka siku hiyo mjane hahudhurii sherehe ya mtu. Dada huyo alikuwa Balbina, wa Mahenge. Mwaka wa kwanza hakuja, Theodosia akasema ni mvua. Wa pili akasema ni ugonjwa. Wa tatu hakusema kitu. Aliona tu, moyoni mwake, kwamba ndugu wa mume hawamtaki. Na mtu asiyetakwa apake mafuta ya nini?

Kwaresima iliyopita binti yake Oliva, aliyeolewa Mang'ula, alimpigia simu.

"Mama, Edna anapokea Komunyo ya kwanza Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Anasema wa kumshika bega akienda altareni ni bibi yake, hataki mwingine."

"Mwambie bibi yuko msibani."

"Miaka minne, mama?"

Simu ikakatika, na aliyeikata hakuwa Oliva.

Alhamisi jumuiya ilisali nyumbani kwa Klementina, jirani wa rika lake, mwenye ulimi usio na kufuli. Wengine walipoaga, Klementina akamzuia mlangoni.

"Mama Oliva, keti. Nimechoka kukusema nyuma, leo nakusema mbele. Umejitupa."

"Mimi?"

"Wewe. Hata sanamu langu la kutishia ndege shambani nalibadilishia shati kila msimu."

Theodosia alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimponyoka, na nyuma ya kicheko yakaja machozi. Akaeleza yote: wifi asiyekuja, nguo isiyovulika, mjukuu anayengoja bega lake liguswe.

"Ulimwita huyo wifi?" akauliza Klementina.

"Mjane amwiteje wa kumvua? Si wataniona natafuta mume?"

"Kwa miaka yako sitini na mitatu! Mume huyo atakuwa shujaa. Lete namba."

Klementina alipouliza mbona haji, sauti ya Balbina ilitoka simuni kwa ukali wa mtu aliyeumia. "Nije bila kuitwa? Kwetu nyumba ya mjane ndiyo hutuma kuku, tukajua yuko tayari. Kuku hakuja. Tukasema bado anamlilia kaka yetu, tumheshimu. Kitenge ninacho sandukuni mwaka wa tatu huu!"

Theodosia akaisogelea simu. Yeye alizaliwa ukingoni mwa mto, kwa watu wavuao samaki, na habari ya kuku hakuna aliyewahi kumwambia. Kila upande uliona heshima ni kunyamaza.

"Shikamoo, wifi," akasema kwa shida. "Kuku ninaye."

"Marahaba. Mlishe vizuri, nakuja kumla mwenyewe."

Jumamosi ya kuamkia Komunyo Balbina alishuka kwenye basi alfajiri. Alimwosha wifi yake uani, akamsugua visigino kwa jiwe huku akinung'unika, "Hii miguu au magome ya mvule?" Alipofika mgongoni aliiona mifupa, akaegemeza paji la uso wake hapo. "Nisamehe. Nilikuacha."

"Nami sikuita," akajibu Theodosia.

Kesho yake kanisani Mang'ula, Edna alipopiga hatua kuelekea altare, mkono wa bibi yake ulikuwa begani mwake, unanukia mafuta ya nazi.

Mwenyezi Mungu amjalie Theodosia uzee wenye afya na watu wa kumjulia hali. Ampe Balbina thawabu ya safari yake, amlinde Oliva, amkuze Edna katika imani, na amweke Wendelin katika mwanga usiozimika. Wote waliotoka katika nyumba hiyo, na watakaotoka, asiwepo hata mmoja atakayekosa mkono wa kumwinua. Amina.