Jiwe Chini ya Cherehani

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kushika sifuri. Mpima ardhi huchungulia kwenye darubini yake, huandika, hufoka, na jina lake ndilo linalowekwa kwenye ramani. Lakini lazima awepo mtu wa kuishika ncha ya futi pale inapoanzia, amechuchumaa juani, bila kuiacha iteleze hata kwa upana wa ukucha. Mtu huyo alikuwa yeye. Mtaani kwetu tulimwita Bwana Futi. Alipostaafu, wenzake walimpa futi yenyewe, ile ya chuma ya mita hamsini, ndani ya mkoba wa ngozi uliochakaa.

Alikuwa mtu wa kuchosha kidogo, tuseme kweli. Ukimwalika harusini atakuambia meza ya maharusi imekaa upande. Fundi wa madirisha akimwona anakuja, huanza kujitetea kabla hajasalimiwa. Lakini hakuwahi kumwongezea mtu wala kumpunguzia, na katika mtaa ambao ulikuwa umechangishwa mara mbili bila kuona hata tofali moja, hilo lilikuwa jambo kubwa. Ndiyo maana chama cha wakazi kilipokosa mwenyekiti, akachaguliwa yeye. Wakati anachaguliwa alikuwa chooni, na aliporudi alikuta kazi imekwisha.

Mtaa wetu una nyumba ishirini na sita, kumi na tatu kila upande, na barabara moja katikati. Wakati huo ukingo wa barabara ulikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Hakukuwa na njia ya miguu, hakukuwa na mti, na jua likizama kila mtu alitembea kwa kukisia. Watoto wa shule walipita mle mle yanamopita malori. Kila mtu alitaka pawe pazuri. Tatizo lilikuwa nani alipe kiasi gani. Michango ya zamani ilikuwa sawa kwa kila nyumba, na mjane muuza mayai, ambaye nyumba yake ina mita saba tu mbele, alikuwa anauliza kila mkutano kwa nini alipe sawasawa na jirani mwenye mita thelathini na moja. Hakuna aliyewahi kumjibu. Basi akaacha kulipa, wengine wakajificha nyuma ya gauni lake, na mchango ukafa.

Bwana Futi alimjibu. Alisema kila nyumba italipa kwa urefu wa mbele yake: kwa kila mita moja, mfuko mmoja wa saruji kila miezi mitatu, kwa mwaka mmoja. Asiye na fedha alete mfuko wenyewe. Asiye na mfuko alete mikono yake, afyatue matofali ya njia. Kutokana na hiyo tutapata njia ya miguu pande zote mbili, miti, na tukibahatika, taa. Halafu akatoa futi yake na kuzipima nyumba zote kwa Jumamosi mbili. Watu walimtania kwamba anapima makaburi. Mjane alitoka na chai, akashika ncha ya futi mwenyewe, na alipoambiwa ni mita saba kamili alitangaza kwa sauti, ili majirani wa pili na wa tatu wasikie, kwamba hajawahi kufurahia udogo wake namna hiyo.

Miezi mitatu ya kwanza nyumba ishirini na tano zililipa. Ilikuwa haijawahi kutokea. Mhazini wetu, muuguzi mstaafu mwenye mwandiko unaosomeka, alimaliza kitabu kizima cha risiti. Iliyobaki ilikuwa nyumba moja, na ndiyo ile ya mita thelathini na moja.

Mwenye nyumba hiyo tunamwita Ghorofa, kwa kuwa ndiye peke yake mwenye nayo. Ngazi zake za mawe yaliyong'arishwa zimetokeza kwa majivuno hadi kwenye ukingo wa barabara. Alikuja mkutanoni akiwa amevaa suti. Mikutano yetu hufanyika katika darasa la chekechea, watu wazima tumekaa kwenye viti vya watoto, magoti karibu na kidevu, lakini yeye alisimama.

"Sikatai kuchangia," alisema. "Nitalipa mara mbili. Mifuko sitini na miwili badala ya thelathini na mmoja, mwaka mzima. Ninachoomba ni kimoja. Njia ikifika kwenye ngazi zangu, ipinde kidogo."

"Ipinde kidogo iende wapi, mwanangu?" mjane akauliza. "Kwenye lori?"

Watu wakacheka. Ghorofa hakucheka. Alisema kwa upole kwamba hakuna anayeweza kuonyesha kuwa ngazi zake ziko barabarani. Mpaka wa upande wetu wa juu ulipimwa kutoka jiwe moja hadi jiwe jingine. Jiwe la mwisho wa mtaa lipo, karibu na geti la mhazini. La mwanzo wa mtaa lilipotea mwaka yalipochimbwa mabomba ya maji. "Mwenyekiti mwenyewe anajua. Bila jiwe la pili, mzee wangu, mstari uko wapi? Kila mtu na macho yake."

Niliona watu wakihesabu vichwani. Mifuko ya ziada kutoka nyumba moja ingetununulia taa zote, na bado ingebaki. Mtu mmoja akanong'ona kwamba kupinda kidogo si dhambi. Mwingine akakumbuka kwamba na yeye ana kibaraza kilichotokeza. Ukipindisha kwa mmoja, utapindisha kwa wanne, na watoto watarudi barabarani mara nne kabla hawajafika shule. Wote tukamtazama mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hujibu jambo kama hilo kabla halijaisha kusemwa.

Bwana Futi akaomba apewe hadi Jumamosi.

Alichokuwa nacho moyoni ni hiki. Jiwe la mwanzo wa mtaa halikupotea. Alikuwepo lilipozikwa. Alikuwa kijana, mwaka wake wa pili kazini, na yeye ndiye aliyeshika fimbo ya kupimia wakati zege linamiminwa kuizunguka nondo. Miaka mingi baadaye akanunua kiwanja hapo hapo, cha kwanza mtaani, na jiwe likawa pembe ya kiwanja chake. Akaanza kumjengea mkewe, ambaye ni fundi cherehani, chumba cha kushonea upande wa mbele. Ujenzi ukiendelea akapelekwa kazini mbali kwa miezi minne. Aliporudi alikuta mwashi amesogeza ukuta nje kwa sentimita sabini, ili meza ya kukatia nguo ienee, na sakafu imelifunika jiwe. Alijua pale pale mlangoni, kabla hajaweka begi chini. Alijiambia atarekebisha mwaka ule ule. Mwaka ule kulikuwa na ada za shule, na uliofuata pia. Mabomba yalipochimbwa, watu walimuuliza kama jiwe limechukuliwa na wachimbaji, naye akajibu neno moja: huenda.

Sitamtetea. Kunyamaza ili watu waamini uongo ni uongo, na anayejua sentimita kuliko wote ndiye mwenye udhuru mdogo kuliko wote. Lakini wengi wetu tuna jiwe letu chini ya sakafu, na wachache sana kati yetu tumewahi kuchukua tindo.

Alimkuta mkewe akishona sare za shule, mafungu mafungu. Alisimama mlangoni mpaka mwanamke akachoka kusimamiwa.

"Sema, baba watoto. Wamekufukuza?"

"Jiwe liko hapa," alisema.

"Hapa wapi?"

"Chini ya mguu wako."

Mkewe akauondoa mguu kwenye pedali. Mumewe akamweleza yote, hakuficha. Akamwambia pia kwamba akiendelea kunyamaza, njia itapinda kwa Ghorofa, itapinda na kwao, na hakuna binadamu atakayeuliza. Mwanamke akawa anaitazama sakafu kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Miaka kumi na nane," alisema, "nimeshonea barabarani kwa watu, na wewe unanitazama. Na mke wa Ghorofa nimemsema kwa ngazi zake humu humu, nimekaa!"

Mkewe alivua futi ya kitambaa shingoni, akainama, akaipima sakafu kutoka ukutani hadi sabini. Alama ikaangukia katikati ya meza ya kukatia.

"Meza haitaenea."

"Haitaenea."

Chumba kile ndicho kilichosomesha watoto wao watatu. Mkewe alikaa na futi mkononi, akiikunja na kuikunjua. Mwisho akasema, "Ijumaa nawakabidhi watu wa shule nguo zao. Jumamosi uvunje. Na useme wewe mwenyewe, usingoje jiwe likusemee."

Jumamosi alipita nyumba kwa nyumba, akatuita wote. Tulijazana ndani ya chumba na nje ya dirisha. Cherehani tatu zilikuwa uani chini ya turubai, na mkewe amezisimamia kama mlinzi. Bwana Futi akasema aliyofanya, kwa sauti ile ile anayosomea vipimo: jiwe halikupotea, nilijua, nilinyamaza, na chumba hiki kimeingia barabarani sentimita sabini. Kisha akapiga magoti na tindo na nyundo.

Hakutafuta huku wala kule. Alitoboa mahali pamoja, palipokuwa na cherehani ya kwanza, na kwa pigo la kumi na kitu zege la sakafu likabanduka. Chini yake kulikuwa na zege jingine, jeusi kwa umri, na katikati yake ncha ya nondo. Mjane alisukuma watu akaja kuigusa kwa kidole.

Mhazini alikwenda kushika uzi kwenye jiwe la mwisho wa mtaa. Bwana Futi akatoboa tundu kwenye ukuta wake wa pembeni, akapitisha uzi, akauvuta ukawa unalia ukiguswa. Tukaufuata nyumba baada ya nyumba. Ulikipita kibaraza kimoja kwa ndani, ukagusa sanduku moja la maua, na kwa Ghorofa ukapita juu ya ngazi zake, daraja tatu zikiwa ndani ya mstari na nne nje. Mwenyewe alikuwa amesimama juu kabisa, na watu wakaanza kumgeukia.

Kabla mtu hajafungua kinywa tulisikia nyundo. Bwana Futi alikuwa amerudi kwake, na tofali la kwanza la ukuta wa chumba lilikuwa limelala mtaroni. Hakungoja kuona Ghorofa atafanya nini. Hilo ndilo lililonishinda siku ile, mimi ambaye nimewaambia watu maisha yangu yote watende haki na mara nyingi nimengoja waanze wao.

Ukuta ulipokwisha kuanguka alikuja mbele yetu na vumbi kwenye nyusi, akasema anaacha uenyekiti.

"Uache, nani atupimie?" mjane akamkatiza. "Kaa hapo hapo na hatia yako ufanye kazi."

Mhazini akapendekeza chama kiwape mifuko ya kujengea ukuta mpya. Tukakubali kwa kelele. Aliyekataa ni fundi cherehani. "Nimekaa kwenye ardhi yenu bure miaka kumi na nane," alisema. "Tukianza kudaiana kodi, nani atamlipa nani?" Ghorofa aliingia ndani bila kumuaga mtu.

Jumatatu asubuhi nyundo ilisikika tena, safari hii upande wa ghorofani. Daraja nne za mawe yaliyong'arishwa ziliondolewa moja moja. Mchana pikapu ikasimama kwa mhazini. Ghorofa mwenyewe alishuka, bila suti.

"Hesabu, dada. Thelathini na mmoja," alisema. "Ile mara mbili isahau. Nilikuwa nanunua, sikuwa nachangia."

Mwenye kibaraza akakikata bila kuambiwa. Mwenye sanduku la maua akalihamisha, maua yakiwa yamechanua. Mwaka haujaisha, njia ya miguu ilikuwa imekamilika pande zote mbili, kwa matofali tuliyofyatua wenyewe katika uwanja wa chekechea. Nyumba mbili zilizoshindwa fedha zilifyatua kuliko zote. Ukisimama kwa mhazini unaona njia hadi mwanzo wa mtaa bila kupinda shingo. Watoto wanatembea wawili wawili ndani ya mistari ya miti, na dereva wa lori hana tena wa kumpigia honi.

Taa zilikuja mwishoni, kwa salio, bila msaada wa mtu. Bwana Futi alipima mita thelathini kati ya nguzo na nguzo. Nguzo ya kwanza ikasimikwa kando ya jiwe, yaani mbele ya dirisha la chumba cha kushonea, ambacho sasa ni chembamba na meza yake imekatwa pembeni.

Hatukukosa la kusema. Mjane alisimama chini ya nguzo, mikono kiunoni, akasema kumbe mwenyekiti amejua kumhonga mkewe.

Bwana Futi akatoa futi kwenye mkoba, akampa ncha. "Pima, mama," alisema. "Lazima ianzie kwenye sifuri."

Mjane akachuchumaa, akaibana ncha juu ya nondo kwa kidole gumba, mbele ya mtaa mzima. Bwana Futi akaivuta futi hadi nguzo ya pili, akasoma kwa sauti. Thelathini kamili. Jioni ile taa zilipowaka, cherehani ya kwanza ilikuwa tayari inaenda.