Kuku Anayekimbia Naye Apimwe

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamke aliyevaa buti za mpira zinazompwaya anasimama katikati ya banda la kuku wa nyama. Anatikisa kopo la maziwa ya unga karibu na sikio, anatumbukiza mkono na kuchomoa kikaratasi.

"Mia nne na kumi na mbili," anasoma.

Wakamataji wawili wanatazamana. Bandani kuna kuku mia sita, kila mmoja na pete yenye namba mguuni, na huyo wa leo anajulikana. Ni yule mwembamba mwenye mbio, aliyewahi kupita katikati ya miguu ya meneja.

"Mama, si tuchukue tu huyu hapa? Ametulia, anatungoja," mmoja anabembeleza, akionyesha kuku mnene aliyejilaza karibu na chombo cha maji.

"Ngoja kwanza. Kikaratasi kimesema nani?"

Ngoja Kwanza ndilo jina lake hapa shambani, na hata mshahara anausaini huku wenzake wakimwita hivyo. Ni karani wa takwimu mwenye cheti na watoto wawili. Kazi yake ni kumwambia meneja uzito wa kuku bila kuwapima wote, maana kuku akikamatwa huchachawa, huacha kula, na siku za joto wengine hufa.

Hivyo hupima ishirini na tano tu. Kisha hutumia hesabu iitwayo t, ambayo kutokana na hao wachache hukadiria wastani wa banda zima uko kati ya wapi na wapi.

"Hesabu yenyewe kompyuta inaimaliza kabla sijakohoa," anasema. "Shida ni kwamba haijui kukataa. Iletee namba zozote, itakupa jibu, tena la kupendeza. Kukataa ni kazi yangu."

Wiki hii kukataa huko kumemfuata hadi nyumbani. Meneja anataka kuachana na chakula kinachochanganywa hapa shambani na kununua cha magunia, isipokuwa ithibitike kwamba wastani wa banda hili umevuka kilo mbili. Usipovuka, mchanganya chakula hana kazi. Na mchanganya chakula ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, wanayeishi naye nyumba moja.

Jana shemeji aliamua kumrahisishia. Ngoja Kwanza alipofika, alikuta kuku ishirini na tano wameshakamatwa na wamo kwenye matenga, wanene na wapole. Alipima kadhaa tu, na kila mmoja alipita kilo mbili kwa mbali.

"Nikamwuliza, shemeji, hawa umewakamataje? Akasema, kwa mikono, kwani wengine hukamata kwa barua?" anasimulia, akicheka mpaka miwani inateleza. "Nikamwambia, hawa umewapata kwa sababu wameshindwa kukukimbia. Mzito ndiye anayekamatwa kwanza. Wepesi wamebaki bandani wanakucheka."

Akawaachia wote. Shemeji alinuna mchana kutwa, na jioni alikula akiwa amewapa mgongo. Mume hakutaka kuingilia. "Huyu ndugu yangu, huyu mke wangu. Niacheni nimalize kula," alisema.

Akiulizwa kama hakushawishika kufumba macho, Ngoja Kwanza anairudisha miwani mahali pake.

"Natamani apite. Natamani sana, ana mtoto mchanga yule. Ndiyo maana siwezi kumwachia achague kuku."

Basi leo kopo ndilo linalochagua. Wa mia nne na kumi na mbili amewazungusha wakamataji banda zima na kumwangusha mmoja kwenye maranda, lakini hatimaye yuko kwenye mizani: kilo moja na gramu mia nane.

Baada ya kuku wa mwisho, bado hagusi kompyuta. Anachora mstari kwenye karatasi na kuweka kitone kwa kila uzito. Ishirini na tano ni wachache, anaeleza, kwa hiyo kitone kimoja kilichojitenga, au vyote vikilalia upande mmoja, vinaweza kuipotosha t nzima. Vingi vimerundikana katikati, ila kimoja kimekwenda kukaa peke yake: kilo tatu na nusu.

Kitone hicho kingemfaa sana shemeji. "Sikifuti kwa sababu kinaniudhi, wala sikiachi kwa sababu kinanifurahisha," anasema. "Nakiuliza kimetoka wapi."

Namba ya pete inamrudisha kwa mwenyewe. Kuku anapimwa tena: kilo mbili na gramu mia moja. Mkamataji mmoja anakuna kichwa. Alikuwa ameegemeza kiwiko kwenye mizani.

Sasa ndipo anapobonyeza. Shemeji amesimama mlangoni, unga wa mahindi hadi kwenye nyusi, roho juu.

"Kati ya kilo mbili na gramu arobaini, na kilo mbili na gramu mia moja na tisini," anamsomea. Hata pa chini pamevuka.

Shemeji hashangilii. "Umeangalia vitone?"

"Nimeangalia."

"Na yule mwenye mbio yumo?"

"Yumo."

"Basi ni ya kweli," anasema, na kuketi juu ya gunia la mashudu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mwakani Ngoja Kwanza anatarajia kurudi chuoni kusomea stashahada, siku mbili kwa wiki, na siku hizo lazima mtu ashike nafasi yake bandani. Ameshampata.

"Kopo nitamwachia shemeji," anasema, akivua buti. "Kukamata, atakamata mwingine."