Fundi wa Milango na Viwanja vya Hewani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Milango yuko juu ya ngazi kwenye lango la wagonjwa wa dharura. Mkononi ana kitambaa laini, anafuta vumbi kwenye kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa kipande cha sabuni. Chini yake milango miwili ya kioo inafunguka na kujifunga, kwa sababu mlinzi anapita na kurudi makusudi.

"Mlango huu una adabu kuliko wajukuu zangu," mlinzi anasema. "Nikitokea tu, unanipisha."

"Wajukuu zako wanakujua," anajibu bila kugeuka. "Huu bado haujakuzoea."

Anatania, lakini kitambaa kimeshapita mahali palepale mara kadhaa. Leo mkaguzi wa masafa ya mawimbi ya redio kutoka mamlaka ya mawasiliano anakuja kupima visanduku hivi. Vikishindwa, milango itazimwa na wauguzi watarudi kuisukuma kwa nyonga huku mikono imeshika kitanda cha mgonjwa. Yeye mwenyewe atapoteza kibali cha kazi iliyomlea yeye na watoto wake tangu afiwe na mume.

Alianza na kufuli na bawaba. Milango inayofunguka yenyewe aliijua kwa kufungua iliyoharibika, skrubu moja moja, akizipanga kwenye sinia kwa mfuatano ili asipotee njia ya kurudi. Jina la Mama Milango alipewa na wauguzi, likamkaa.

Kisanduku kile ni kihisi cha rada. "Kinatuma wimbi," anaeleza. "Likimgonga mtu anayesogea, linarudi na habari kwamba kuna mgeni. Ni hodi, ila hapa anayepiga hodi ni mwenye nyumba."

Mwaka jana hospitali ilipomwita, alinunua vihisi kwa mfanyabiashara mmoja. Vilikuwa vipya, ndani ya maboksi yao, na kila kimoja kilikuwa na muhuri wa kuidhinishwa. Akavifunga, milango ikatii.

"Nikaona muhuri, nikaridhika," anasema. "Kwangu muhuri ni muhuri. Kumbe muhuri ulikuwa wa kwao, na hewa ni ya kwetu."

Haikuchukua muda, mawasiliano ya maabara na tawi lake la ng'ambo ya mji yakaanza kukatika. Yalipitia sahani mbili za kurushia mawimbi, moja juu ya paa la hospitali, nyingine kule tawini. Mafundi wakabadilisha nyaya, wakapanda paa, wakashuka. Mwisho akaja mkaguzi na kipokezi chenye mdomo kama tarumbeta fupi, akakizungusha huku na huku hadi kikamfikisha mlangoni.

Vihisi vile vilifanya kazi kwenye masafa ya gigahezi kumi na kidogo. Huko vilikotengenezwa, ruksa. Hapa, mkanda huo wa masafa umetengewa sahani kama zile; vihisi vya milango vimepewa gigahezi ishirini na nne.

"Nilikaa kwenye ngazi za saruji," anakumbuka. "Nikasema, leo maji yamezidi unga."

Mkaguzi, kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza, angeweza kuvibeba vihisi na kumwandikia faini. Badala yake alikaa kando yake.

"Mama," alimwambia, "hewani kuna viwanja kama ardhini. Kuna cha ndege, kuna cha simu, kuna cha polisi. Wewe umejenga jiko uani kwa jirani. Jiko ni zuri, lakini libomoe."

"Na nikilibomoa, mwanangu, nitapika wapi?"

"Kiwanja chako kipo. Nitakuonyesha."

Alimpa muda wa kubadilisha, akamfundisha kuuliza masafa kabla ya kuuliza bei. Kubadilisha kulimeza kipato cha miezi miwili, maana mfanyabiashara hakurudisha kitu. Mama Milango halalamiki. "Yule kijana alikuwa na kalamu mkononi na haki yote upande wake. Akachagua kunifundisha. Kila nikipanda ngazi namwombea mamake."

Saa tatu, mkaguzi anafika na kipokezi chake. Anasimama hatua chache kutoka mlangoni, macho kwenye kioo cha kipimo. Muuguzi mkuu anasimamisha kitanda chenye mgonjwa. Mama Milango anashikilia ngazi ingawa hakuna aliyeipanda.

"Zima cha kulia," mkaguzi anasema. Anazima. "Washa. Zima cha kushoto."

Anazima. Mkaguzi anaandika namba daftarini.

"Mwanangu, sema basi. Hata daktari huwa anakohoa kidogo."

Mkaguzi anamgeuzia fundi kioo cha kipimo. Mistari miwili myembamba imesimama ndani ya mipaka. "Vyote viko kiwanjani, mama. Na nguvu ya wimbi haijazidi."

Muuguzi mkuu anasukuma kitanda, milango inapisha. Mgonjwa anamwinulia fundi kidole gumba, hajui anashukuru nini.

Mama Milango anafungasha vifaa bila haraka, kila bisibisi kwenye mfuko wake. Ndipo anapomuuliza mkaguzi jambo linalomkosesha usingizi. Mama mkwe wake alikuwa akilala peke yake kwenye chumba cha uani kwake, na usiku mmoja alianguka bafuni, akalala sakafuni hadi asubuhi. Kamera ameikataa. "Alisema hataki jicho la mtu limtazame anapojipaka mafuta," anasimulia. Kuna rada ya ukutani, ya gigahezi sitini, inayotambua mtu akianguka bila kuchukua picha yake; anataka kujua kama anaruhusiwa kuifunga.

"Mkanda huo bado unajadiliwa kwa matumizi ya nyumbani," mkaguzi anamwambia. "Wanakusanya maoni ya wananchi."

"Hata ya fundi wa bawaba?"

"Hasa ya fundi wa bawaba."

Jioni hii atakwenda uani kwa mama mkwe na kalamu, waandike maoni yao pamoja. Mpaka jibu litoke, amehamishia kitanda chake mwenyewe kwenye chumba kile, ubavuni mwa mlango wa bafu.