Irabu za Mama Mkwe

Heri kufundisha darasa la kwanza lililofurika watoto kuliko kumfundisha mama mkwe wako. Nasema hivyo mimi mwalimu, niliyefanya yote mawili hapa Mbinga.

Mama mkwe alikuwa ameitangazia jumuiya yetu ya kanisani kwamba zamu ya sala itakapofika nyumbani kwetu, somo atalisoma mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa akisomewa, na amechoka. Jirani yake akajialika wafundishwe wote wawili. Herufi walizishika upesi. Nikaingia kwenye silabi: konsonanti peke yake haisimami, inaegemea irabu, b na a zikishikana mnapata ba. Pigo moja.

Pigo! Neno hilo wakalipeleka kwenye kinu. Wale wawili hutwanga mahindi pamoja, mchi huu ukipanda ule unashuka. Nikawakuta kitabu kimeegemezwa kwenye ungo na kazi wamegawana: jirani anapiga konsonanti, mama anafuata na irabu.

"Mama, silabi ni pigo moja, si mawili!"

"Mwanangu, kwani mahindi hayakoboki?"

Siku tatu nilirudia, siku tatu natwanga maji kwenye kinu. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia jirani, mtu mzima wa kuamkiwa, abaki kwake mpaka masomo yaishe. Akachukua mchi wake akaondoka. Mama alipobaki peke yake aliitikia kila nililosema, nami nikajidanganya kwamba ameelewa.

Siku ya jumuiya watu walijaa uani, katikati ya vichanja vya kahawa. Mama akasimama, akafungua kitabu, akavuta pumzi.

"A," akasema. Kimya. "A."

Alikuwa anaacha nafasi, kwa adabu kabisa, ya pigo la mwenzake. Jirani alikaa nyuma mkekani, macho chini, mwalimu alishamkataza. Mtu akacheka. Mama akairudia "A" yake, akangoja tena, na hasira zangu zote zikageuka aibu.

Nikapita katikati ya watu, nikapiga magoti mbele ya yule jirani.

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Njoo umsaidie."

"Marahaba." Akajizoazoa, akaenda kusimama bega kwa bega na mama, akachungulia kitabuni.

"B," akasema.

"A," akaitikia mama.

Somo la dakika mbili likachukua karibu nusu saa, kila silabi mapigo mawili, nami sikusahihisha hata moja.