Deus na Kiti cha Rusheke

Ukitaka kujua habari za Jimbo la Rusheke, usihangaike kwenda Rusheke. Nenda Hounslow, London, umuulize Deus. Anapakia mizigo ya ndege pale Heathrow, na tangu aondoke kwao hajawahi kupiga kura jimboni humo hata mara moja. Lakini mguse tu! Atakueleza nani alimshinda nani, kata ipi ilimwangusha nani, na chai yako itapoa ukiitazama.

Mkewe, Placida, naye ni wa hukohuko Rusheke, ng'ambo ya pili ya bonde. Historia hiyo anaijua, ila kwa njia yake. Vyama vingi vilipoingia, alirudi profesa mmoja na magari ya vipaza sauti. Watu walikula pilau yake, wakavaa fulana zake, kisha wakamchagua mwenye duka ambaye pikapu yake ndiyo iliyobeba maiti kutoka hospitali ya wilaya. Akaja wakili kutoka Dar, naye akala za uso. Mwenye duka alipozeeka wakampa kiti mwalimu wa kwaya, mtu asiyekosa msiba hata wa kichanga. Chama kilishabadilika mara mbili hapo katikati, wala haikuwa hoja.

"Ni bei ya kahawa," Deus husema. "Na mgawanyiko wa milimani na bondeni."

"Walimchagua aliyewazika," Placida humjibu, na Deus humwonea huruma kwa kutojua siasa.

Basi ikatokea mwalimu wa kwaya akatangaza kustaafu, na Mzee Pontian, mpiga debe wa tangu enzi za profesa, akampigia Deus simu. Jimbo linamhitaji kijana wake wa Uingereza, alisema. Tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Deus alitembea sebuleni amefunga tai juu ya fulana ya kulalia, akihutubia pazia. Alinda, mtoto wao mkubwa, akaziba masikio na kulalamika kwa Kiingereza chake kwamba baba anapiga kelele.

"Mama Alinda, Jumatatu naacha kazi."

"Unaacha kazi? Na huyu anayenyonya nimwachie nani nikienda kazini kuogesha wazee wangu?"

"Ni miezi michache tu. Nikishinda mnanifuata Dodoma."

"Na ukishindwa?"

"Nishindwe mimi? Hebu njoo uone." Akapanga vikombe mezani, hapo hapo Placida alipotoka kupafuta. Bakuli la sukari likawa bonde, vikombe vikawa kata za milimani. "Hizi zote zangu. Hizi nagawana na mpinzani. Hii hapa..."

"Baba Alinda, niondolee kata zako nimlishe mtoto."

Jumapili, baada ya misa, Deus akampigia mama yake kuomba baraka, akaweka simu spika ili Placida asikie mwenyewe.

"Mama, nakuja kugombea! Mzee Pontian kaniita."

"Pontian? Huyu aliyekula kwa profesa, akala kwa wakili? Sasa ameona njaa, eeh?"

"Mama, wewe nipe kura yako tu, nyingine nitazitafuta."

"Kura yangu nimeshamwahidi Sospeter."

"Sospeter yupi? Huyo fundi baiskeli?"

"Huyohuyo. Naye anagombea."

"Mama! Mimi mwanao wa kumzaa!"

"Nani kakataa? Lakini siku ya kumzika baba yako mvua ilinyesha, udongo ukawa unaporomokea shimoni. Vijana wakakimbilia barazani. Sospeter akabaki mle ndani na jembe, akachimba upya, akatoka mwili mzima tope. Nimpite vipi?"

"Pasipoti yangu ilikuwa Croydon, mama, kwa watu wa uhamiaji. Ningeondoka ningepoteza..."

"Najua, mwanangu. Nilikuambia mwenyewe ubaki, na sikulaumu. Lakini kura umeniomba, nami nakujibu. Haya, wajukuu wanakula?"

Simu ilipokatika, Deus alikaa kwenye kiti kidogo cha Alinda, magoti yakimfika kidevuni. Placida alikuwa amedhani angefurahi mumewe akishindwa. Hakufurahi. Alitaka kumsogelea, ampapase mgongo, lakini mwenzake akafungua mdomo.

"Hata hivyo, ukiangalia ule uchaguzi wa mwalimu wa kwaya, kata za juu..."

"Deus!"

Hakuwa na kawaida ya kumwita jina.

"Kaburi la baba hujaliona mpaka leo."

Deus akakwangua gundi iliyokauka kwenye kiti. "Nilifikiri nikirudi kama mgombea," akasema, "hakuna atakayeniuliza nilikuwa wapi."

"Kumbe ndilo hilo?" Placida alihisi machozi na hasira vikimpanda pamoja. "Wiki zote hizi umenichosha na milima na mabonde, kumbe ndilo hilo tu? Si ungesema, mume wangu! Ningekufungia begi mwenyewe. Kesho kaombe livu ya wiki mbili, uende ukasimame pale na mama yako. Kazi usiache. Na kata usinitajie tena."

Akaenda akaomba, akapewa ya mwezi uliofuata. Barua ya kuacha kazi hakuiandika.

Mzee Pontian alipopiga tena, Deus alikuwa zamu, simu akapokea Placida, mtoto begani.

"Hagombei, mzee. Anakuja kumwona baba yake tu."

"Aisee!" Mzee akaguna, akafikiri kidogo. "Basi mama, hapo London hamna kijana mwingine wa kwetu?"

Placida aliiondoa simu sikioni, akaitazama. Mtoto akaanza kulia, naye akashukuru kupata sababu ya kukata.