Shanga za Anjelina

Tupokigwe, Mama Edgar kwa majirani, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, hutengeneza mikufu barazani kwake Madale. Shanga kuukuu huzinunua kwa wauza mitumba wa Buguruni. Senti za zamani zenye tundu katikati huletewa na majirani. Alikuwa karani kwa miaka ishirini, na bado hupanga vitu kikarani: nyekundu kwenye kopo lake, buluu kwenye lake, zilizopasuka kwenye kopo la pembeni.

Mwezi wa tano jirani yake Filomena, mwenyeji wa Masasi, alimletea kopo la maziwa. Ndani mlikuwa na shanga nyekundu za marehemu dada yake, Anjelina. Uzi wake ulikuwa umeoza.

"Zitunge kama zilivyokuwa," alisema Filomena. "Nataka kuziweka tu."

Hakusema zilikuwa zikivaliwa wapi. Hakuhitaji kusema. Zilikuwa ndogo kama punje za ulezi, na vipande vya uzi vilivyobaki vilikuwa virefu mno kwa shingo yoyote. Mwanamke aliyekaa Dar miaka thelathini, hata akiwa mzaliwa wa Mbeya kama yeye, akiona shanga za kiunoni anazijua. Tupokigwe alizijua. Ila wekundu ule hakuwahi kuupata sokoni, akajiambia ni dhambi kuufungia sandukuni. Akatunga mkufu wa safu tano, akaweka senti moja katikati. Kisha, kabla ya kumpelekea mwenyewe, akauvaa Jumamosi kwenye kikao cha kikundi cha akina mama. Siku moja tu, wauone.

Waliuona. Filomena alipoingia aliutazama mara moja, akaenda kukaa nyuma. Wanawake wawili wa kwao Masasi hawakunyamaza.

"Mama Edgar, hicho kitu kimepanda ghorofa," alisema mmoja. "Kwake ni chini."

Wakacheka, khanga mdomoni.

Jumatatu asubuhi Tupokigwe alikwenda kwa Filomena, mkufu ukiwa ndani ya kopo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa." Usoni hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Wale nimewaambia wakuache. Nyie wa Mbeya mtajuaje? Anjelina alifungwa hizo na bibi yetu, siku anatoka unyagoni. Hata mie sikuwahi kuzigusa mpaka siku ya kumwosha."

Njia ya kutokea ilikuwa wazi. Kuitikia tu kungetosha. Wangekunywa chai, na kikundi kingesahau.

"Nilijua," alisema Tupokigwe. "Tangu siku uliyozileta."

Filomena aliinuka. Akaingia ndani, akarudi na mkasi na ungo. Akakata mwenyewe, safu baada ya safu, shanga zikimwagika ungoni. Moja iliruka sakafuni. Tupokigwe akanyoosha mkono.

"Acha."

Filomena akainama, akaiokota. Alipomaliza akamrudishia senti.

"Hii si yake. Nenda nyumbani, Mama Edgar. Nitazitunga mwenyewe."

Tangu hapo, mtu akimletea shanga, Tupokigwe huuliza zilivaliwa wapi kabla hajafungua kifuniko. Senti ile haijatumika. Ni nzima, lakini ameiweka kwenye kopo la zilizopasuka.