Paa la Jirani Linazunguka

Jirani yetu, karani wa posta pale Stanleyville, alijenga nyuma ya nyumba kibanda cha kutazamia nyota. Paa lake la bati, lenye dirisha moja, lilizunguka likilia juu ya magurudumu ya vigari. Kila jioni alilisukuma kwa bega, ulimi nje, akilibembeleza kama mbuzi mkaidi. Siku moja upepo wa mtoni uliingiza mvua dirishani, na paa likakwama huku darubini ikiloa. Alikimbilia jikoni, akarudi na mafuta yote ya mawese, akayamwaga kwenye magurudumu.

"Papa, majani ya sombe nitapika na nini?" mkewe alilia.

"Na maji, mama! Sikia, paa haiko inalia tena!"

Paa lilizunguka, dirisha likaipa mvua mgongo. Lakini yeye, amelowa chapachapa, akicheka, hakuacha kusukuma mpaka dirisha likarudi palepale kwenye mvua.